Baba Amebomoa Ukuta wa Jikoni

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko? Natumaini limepunguza ukorofi. Sisi huku wazima. Hata Mama, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, naweza kukuambia hajambo kweli, si kwa kukutuliza moyo. Nimeandika hasa kukushukuru.

Unaikumbuka sebule yetu: makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, kabati la vikombe vya wageni, na sisi watoto tunachungulia kama wapangaji. Baba na rafiki zake walikaa humo. Mama alikuwa jikoni, mlango umefungwa ili harufu ya vitunguu isiwafikie. Ndivyo nyumba zilivyojengwa enzi zenu, wala hakuna aliyeona ajabu.

Siku ile alipoteleza na kuvunjika nyonga, Mama aligonga sufuria sakafuni kuita msaada. Sebuleni walimsikia, wakadhani anaosha vyombo. Baba alimkuta chini alipokwenda kuulizia chai. Jambo hilo linamtafuna mpaka leo.

Aliporudi kutoka hospitali, kiti chake cha magurudumu hakikupita milangoni, akawa mtu wa chumbani. Akaanza kunyamaza, Shangazi. Ukimsalimu anajibu huku anatazama dari. Nikamwomba Baba tubomoe ukuta kati ya jiko na sebule, kama wanavyofanya watu siku hizi. Akaja juu.

"Wageni watanionaje? Wakae wanatazama masufuria?"

Ndipo nikakupigia wewe. Sijui mlizungumza nini chote. Alitoka na simu uani, akarudi mpole, akaniambia, "Mwite fundi." Baadaye alinidokezea swali lako moja: "Hao wageni ndio watakaokuuguza ukizeeka?"

Fundi tunamwita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, maana hajawahi kuuamini ukuta uliojengwa na mwingine. Aligonga huku na huku, akatuhakikishia haubebi paa. Baba akavua shati akashika nyundo mwenyewe. Tulikula vumbi la kutosha! Milango nayo imepanuliwa, na meza ya jikoni imeshushwa, Mama anakatia mboga akiwa amekaa. Vitambaa vya makochi kaniambia nivigawe. Amechoka kuyafulia makochi nguo.

Juzi wageni walikuja. Baba alipika chai mbele yao, nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, nao wakainywa kwa adabu. Wakaanza mabishano yao ya siku zote kuhusu bei za vitu. Mama akadakia kutoka mezani huku akininyooshea kidole mimi, "Mlibishana hivihivi kabla huyu hajaanza shule, na mlikosea hivihivi."

Walicheka mpaka mmoja wao, kinyozi mstaafu, akafuta machozi. "Shemeji, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Hapahapa," Mama akasema. "Nyuma ya ukuta."

Baba akavuta kiti chake, akakaa karibu naye. "Haya, tuambie," akamwambia. "Tulikosea wapi?" Na Mama akaanza kuwaeleza. Alizungumza mpaka chai ikapoa.

Asante, Shangazi. Umeturudishia Mama.

Nisalimie sana binamu yangu muuguzi na mapacha wake watundu. Wifi yako anakukumbatia. Mungu akujalie afya, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe kwa furaha.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Kifungua mimba wa mdogo wako