Jibini na Sabuni Katika Lori Moja

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Goma tuko wazima, na dada yako amejifungua salama. Unauliza kama vyama vyenu vitatu vitaweza kufanya kazi pamoja.

Wakati wa vita, tulipokimbilia Mushaki, chama chetu cha akina mama kilitengeneza jibini, na cha Mama Zawadi sabuni. Lori la Goma halikuondoka mpaka lijae, na jibini lingeoza. Tukapakia pamoja. Sokoni mteja akaonja, akauliza, "Mama, hii fromaji iko ya kula ao ya kufulia?" Tulirudi na jibini lote, tukicheka.

Safari iliyofuata tuliwaalika wakulima wa Muheto, magunia yao ya maharagwe yakakaa katikati ya jibini na sabuni. Jibini liliisha kabla ya saa sita. Tangu hapo, kila chama kipya kilipoomba nafasi, Mama Zawadi aliuliza jambo moja tu: "Muko na harufu gani?"

Koko wako