Nyumba Tuliyoivua Kofia

Mikumi, kijiji kipya
Mwisho wa kiangazi

Mke wangu, Mama Hadija,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwako, kwa ukoo wetu wote wa Msowero, na kwa yeyote atakayechungulia barua hii, kwamba mlango wa nyumba yetu sasa una bawaba. Majirani wanakuja kuufungua na kuufunga. Mmoja aliufungua na kuufunga mpaka nikamwuliza kama anataka kuingia au anatafuta kazi.

Baada ya hilo, hamjambo? Mguu wa mama umepoa? Hadija bado anakohoa? Mimi mwili mzima, ila kutulia ndiko siwezi. Naandika kidogo, nasimama, natazama mlimani kama kuna moshi, narudi, natafuta kalamu nayo iko mkononi.

Najua unachosubiri kusikia. Mama yako alikwisha sema hutapanda lori la kuwahamishia huku na wajukuu zake mpaka nyumba iwe tayari, maana hakuzaa binti ili akalale kichakani kwa jina la kijiji. Basi nikueleze kwa utaratibu.

Juzi adhuhuri watu waliwasha nyasi ng'ambo ya mto kuwinda ndezi. Ndezi wakakimbilia kwao, moto ukakimbilia kwetu. Mimi sikushtuka. Nilishafyeka njia ya kuzuia moto kuzunguka nyumba, pana kama barabara, nikaifagia mpaka kuku wakakata tamaa. Nikasimama mikono kiunoni. Akaja jirani yangu Yohana, mtu wa milimani Lumuma, anayeamini kwamba sisi wa bondeni tumeanza kuvaa viatu jana.

"Saidi, unangoja nini?"

"Nangoja moto ufike kwenye njia yangu uaibike."

"Wee mtu wa bondeni! Moto una miguu, lakini cheche zina mabawa. Zitaruka zitue kwenye paa. Kwetu moto ukija, nyumba tunaivua kofia kwanza. Udongo hauungui, bwana."

Nikatazama juu. Nyasi za paa zilikuwa kavu, zinangoja kisingizio tu. Nikapanda. Balozi wetu wa nyumba kumi naye akafika anahema, akaanza, "Ndugu wananchi, huu ni wakati wa..."

"Balozi, shika upande huo!" akafoka Yohana.

Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa, balozi akamaliza hotuba bila kuianza. Tukaezua. Wanawake wakapokea mafungu chini, mmoja akauliza, "Tuziweke wapi, baba?"

Nikajibu kutoka juu, kwa sauti ya mkubwa wa kazi, "Wekeni mahali safi!"

Mke wangu, pande zote zilikuwa majani matupu isipokuwa ile njia yangu niliyoifagia. Wakazipanga humo, kwa adabu, zikalala toka ukingo hadi ukingo kama daraja.

Moto ukaja. Ukafika kwenye njia, ukasimama kama mgeni asiyekaribishwa, ukapapasa huku na huku, ukakuta daraja. Ukavuka. Tuliupiga kwa matawi mabichi mpaka ukafia miguuni pa ukuta. Kuta nzima, fito nzima. Nyasi zetu zote zimekwisha.

Yohana akaketi, akafuta jasho. "Mimi nilisema vua, Saidi. Sikusema tandika."

Balozi akasema hili litakuwa somo kwa kijiji. Nikamwambia somo ninalo, nyasi ndizo sina.

Tangu hapo nazunguka. Leo nimekwenda kutafuta nyasi za kuezekea mpaka karibu na mbuga. Kote ni jivu. Yohana amesikia huko Zombo hakujaungua, anaazima baiskeli twende kesho. Tukipata, njooni. Tusipopata, lori liwapite kwanza. Nakuomba, usimlete mtoto mwenye kikohozi kwenye nyumba ambayo ukilala chali unaona kunguru wakipita. Mama yako mwambie tu kwamba nyumba ina hewa nzuri.

Mama mpe shikamoo yangu, na kaka yangu mkubwa anayelima pamba naye umpe. Shangazi mfumaji mikeka mwambie nahitaji mkeka mkubwa kuliko yote, na asiulize wa nini. Hadija mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mumeo, niliye na kuta,
Saidi

Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua. Mvua imeanza.