Ukinifia Chumbani

Kilakala, Morogoro
2 Juni 2025

Mwanangu Laurenti,

Salamu zangu zikukute umeshatoka shimoni, maana nikikuwaza uko chini ya ardhi huko mgodini hata salamu naona hazitafika. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto bado wanakohoa? Wape asali, lakini iwe asali kweli, siyo hayo maji ya sukari ya barabarani. Mimi mzima. Mguu ndiyo unauma, ila mguu siyo mimi.

Anayeandika ni Jane, binti wa marehemu dada yangu. Mimi nasema, yeye anabonyeza kwenye simu yake. Nimemwambia aandike yote, asiruke kitu, maana ni mwalimu, na walimu wakipewa maneno ya mtu wanayasahihisha.

Sasa sikiliza. Daktari wa mguu kasema nisirudi Kinole kwanza. Mazoezi ya mguu ni mara mbili kwa wiki mpaka yeye mwenyewe aseme basi, na njia ya kwetu unaijua. Ndiyo iliyonivunja. Mimi na mkungu wa ndizi tulianguka pamoja, ndizi zikaendelea na safari mpaka mtoni, mimi nikabaki. Na wale wa bodaboda wa mlimani wanakubeba kama wamebeba gunia la mtu asiyewadai. Kwa hiyo mjini lazima nikae.

Hapa kwa Jane pazuri, sina neno. Lakini mama yake Eric, mume wa Jane, anakuja kukaa, na chumba cha wageni ni hiki hiki nilichomo. Mimi na mama yule chumba kimoja hatuwezi, kwa sababu ya harusi ya Jane, ule wali aliopika. Jane anasema nisianze habari za wali. Andika, Jane. Wali ulikuwa mbichi.

Basi natafuta chumba changu. Jane kaniletea dalali, anaitwa Hafidhi, mtu wa Tanga, mtu mzima na kipara chake, maneno matamu mpaka yanakera. Kwanza anataka hela ya kukuonyesha. Hujaona kitu, umeshalipa macho! Akanipeleka Mazimbu, eti "patulivu, bibi, watu wa chuo wale." Kufika, ukuta unatetemeka kwa muziki, na mwenye nyumba anasema anapangisha wanafunzi tu. Nikamwambia na mimi niandikishe, shule sijaanza bado.

Akanipeleka Kihonda. Huko kuna chumba kina jiko ndani, Hafidhi alivyolisifia hilo jiko ungesema tunaenda ikulu. Jiko lenyewe ni meza nyuma ya mlango. Ukifungua mlango, sufuria inaanguka. Na mwenye nyumba ana masharti: usipike kwa mkaa, usitwange, usianike nguo mbele, usilete wageni. Nikamwuliza, na kupumua ni saa ngapi? Hakucheka. Akanitazama mguu, akanitazama mvi, akasema, "Bibi, unaishi na nani?" Nikamwambia peke yangu. Akasema, "Sasa bibi, samahani, ukinifia chumbani?"

Mimi nikamjibu vizuri kabisa. Nikamwambia asihangaike, ninazikwa kwetu Kinole, ila maiti ianze safari asubuhi, maana mchana mvua ikinyesha gari halipandi, itabidi wanaume wabebe, na yeye kama mwenye nyumba atatakiwa awepo, kwa hiyo atafute mabuti. Nikamweleza na wa kumpigia simu. Akafunga mlango! Hafidhi kanilaumu njia nzima. Nimekosa nini? Kauliza, nimejibu.

Mama yako


Geita
6 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, watoto wamepona kikohozi. Pole na mguu, na pole na mahangaiko.

Mama, kwa heshima zote: mtu akikuuliza kuhusu kufa, mwambie hufi. Basi. Usimwambie habari za gari wala mabuti. Usimwonyeshe mguu. Usiseme unaishi peke yako, sema wanao wanakuja kila mara. Sema maneno machache. Najua ninaomba kitu kigumu.

Na nisikufiche. Wewe peke yako kwenye chumba cha kupanga, ukianguka hakuna wa kujua mpaka nani aje? Hilo linaninyima usingizi. Mimi nimeshakuandalia chumba hapa nyumbani, nimekipaka na rangi. Hospitali ipo, mazoezi yapo. Mwezi huu ukiisha hujapata sehemu nzuri yenye watu, nakuja kukuchukua. Tusibishane tena.

Mwanao,
Laurenti


Kilakala
17 Juni 2025

Mwanangu Laurenti,

Nimefurahi watoto kupona. Ni asali, siyo? Sijambo mimi, ila nimechoka na watu.

Umenitumia masharti mengi kuliko yule wa Kihonda. Lakini nimekusikiliza, mimi ni mama nisiyebisha. Hafidhi kanipeleka Mwembesongo kwa mama mmoja mweupe, mpole, nyumba safi, uani pana bomba. Nikajiambia leo nafumba mdomo. Nimekaa pale kwenye kiti mdomo nimeubana mpaka mashavu yanauma. Yule mama akasema, "Karibu bibi, unatokea wapi?" Nikamjibu, "Sifi."

Si ndiyo ulivyoniambia? Lilikuwa limeshakaa mdomoni muda mrefu, likatoka lenyewe. Yule mama akasema, "Unasemaje?" Nikasema, "Sifi, na wanangu wanakuja kila mara." Akaogopa. Akaenda kumnong'oneza Hafidhi, tukatoka. Asante sana, mwanangu, kwa ushauri.

Halafu Kichangani. Huyo wa Kichangani wengine anawadai kodi ya miezi sita, mimi akanidai ya mwaka mzima. Nikamwuliza kwa nini. Anasema, "Wazee ndiyo utaratibu wetu." Nikamwambia, baba, unaogopa nife kesho, halafu unataka kodi ya mpaka mwakani? Chagua kimoja! Jane hapa anacheka mpaka simu inamtoka mkononi. Pale hakucheka mtu.

Mama yake Eric ameshafika. Mimi nalala sebuleni kwenye makochi, nao wanaangalia televisheni juu ya kichwa changu. Asubuhi yule mama ananiuliza umelalaje, namwambia vizuri, na wewe? Anasema kitanda kigumu. Kitanda kilekile nilichokitoka! Jane maskini anatutazama kama anatazama maziwa jikoni. Siwezi kumfanyia hivi mtoto wa dada yangu. Lazima nitoke.

Ila Geita, Laurenti, hapana. Nakwambia taratibu sasa, na Jane aandike taratibu. Hapa nikiamka natoka uani, naangalia mlima. Nikiona wingu limekaa upande wa kwetu najua mahindi yanapata maji. Likiwa jeupe najua leo wanaanika. Sijafika huko, mguu hauendi, lakini nimeshajua habari za nyumbani. Huko kwenu nitatoka uani niangalie nini? Uzio wa mgodi? Rangi ya chumba asante, umefanya vizuri, wape watoto. Mimi nikija huko nitarudi Kinole nimelala kwenye sanduku, na wewe unajua.

Hafidhi anasema kimebaki kimoja, Bigwa, chini ya mlima kabisa. Anasema mwenye nyumba ni mkorofi, wapangaji wanamkimbia. Nimemwambia twende tu.

Mama yako


Geita
24 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, ya Jane haipokelewi. Leo nimetoka kazini nakuta dalali Hafidhi kanipigia mara nyingi. Ananiambia kwamba mama yangu anapigana Bigwa. Anasema mwenye nyumba, mwanamke mzima, kakuita maiti mbele ya watu, kakunyang'anya mkongojo, na wewe umemvua kilemba. Anasema yeye amekimbia, hajui yaliyofuata.

Mama, una mguu mbovu! Na kukuita maiti, mzee wa watu! Nikimkuta huyo mwanamke atanitambua.

Nimeomba ruhusa kazini, Jumamosi niko Morogoro. Nimenunua begi. Funga vitu vyako. Sitaki kusikia habari za mlima.

Mwanao,
Laurenti


Bigwa, Morogoro
13 Julai 2025

Mwanangu Laurenti,

Najua umefika salama, mkeo kamwambia Jane. Wewe mwenyewe umenuna, huandiki. Basi nuna, mimi nitaandika. Wote huko hawajambo? Sisi wazima. Nasema sisi kwa sababu anayeandika sasa ni huyu Mwanvita mwenye nyumba, mkono wake mbaya, anaandika kama kuku kaparua. (Mimi Mwanvita naandika vizuri. Bibi hajui hata a, atajuaje mkono mbaya?) Umeona? Ndiye huyo.

Ulikuja hapa umefura, hukuuliza, umekaa siku moja umeondoka. Sasa nakueleza siku ile ilivyokuwa, maana Hafidhi alikimbia na nusu ya habari.

Tumefika, huyu katoka jikoni na mwiko mkononi, hata karibu hakusema. Akauliza, "Mtu wa wapi?" Nikasema Kinole. Akauliza lukolo gani, ukoo wa mama. Hafidhi ananikonyeza nisiseme, amezoea kwamba kila ninachosema kinatufukuzisha. Mimi nikasema. Siwezi kumficha mtu ukoo wangu kwa ajili ya chumba. Basi huyu akatupa mwiko, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka: "Hafidhi! Umeniletea maiti nyumbani kwangu? Hawa ni wezi, ukoo mzima, babu yao kaiba mbuzi wetu!" Akanikwapua mkongojo. Mimi nikajua hapo hapo, huyu mtani. Moyo ulinipasuka kwa raha, Laurenti, sijatukanwa vizuri hivyo tangu nishuke mlimani. Nikamvua kilemba nikakikalia. Nikamwambia mbuzi wenyewe alikuwa amekonda, tulimla kwa huruma.

Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu, wewe ulipelekwa shule ya bweni ukiwa mdogo, mazishi ya kwetu hukuyaona. Mtani akutukane, akunyang'anye kitu, huruhusiwi kukasirika. Na mimi nikifa, wewe na ndugu zako mnakaa mnalia, yeye ndiye anayeshika jembe. Anachimba, anafanya vituko mpaka wafiwa wacheke, halafu anachukua kitu changu anaondoka nacho. Kwa hiyo lile swali la watu wote wa Morogoro, huyu hakuliuliza. Nilipoleta vitu vyangu aliingia nami chumbani, akavitazama, akasema, "Ukinifia humu, blanketi hili langu." Tumemaliza. Kodi nalipa mwezi kwa mwezi. Kasema ya miezi sita hawezi kuchukua, ataona haya kunirudishia salio kaburini.

Na siku uliyokuja na begi lako, pale alipolala mlangoni kwenye kanga na kukwambia mtani wake hatoki mpaka umlipe ng'ombe, ule haukuwa wazimu. Ulisimama pale, mwanaume mzima, unasema, "Mama, naomba unipishe." Atakupishaje? Ungelala na wewe! Majirani wamecheka wiki nzima. Begi ameliweka, halirudi, usiandike kulidai. Anawekea dagaa.

Usidhani nakaa raha, lakini. Huyu mwanamke ananichosha. Chumvi yangu yeye, kiti changu yeye. Nikitoka kwenye mazoezi ananiigiza ninavyochechemea mbele ya wauza mboga. Na kila asubuhi, jua halijatoka vizuri, anakuja kunigongea kwa mwiko. "Bibi! Umekufa?" Nasema bado. "Basi sogea, nilitaka blanketi." Kila siku! Nimemwambia aniache nilale, anasema wafu ndiyo wanaolala.

Juzi nikasema leo simjibu, nione. Kagonga, nimenyamaza. Kagonga tena. Nikamsikia anaita kwa sauti nyingine, siyo ile ya utani. Mara puuu! komeo limeng'oka, kaingia, kanga moja imebaki nje, machozi mpaka kidevuni, na mimi nimekaa kitandani navaa soksi. Alinitazama. Halafu alinitukana mpaka chai ikapoa. Eti nimemwibia machozi, alikuwa anayatunza ya siku yenyewe. (Uongo. Lilikuwa jasho.) Andika ninavyosema, Mwanvita. Machozi.

Sasa tumegombana nani analipa komeo. Kalivunja yeye, mimi silipi. Mlango mpaka leo unasukumwa tu, na wewe uliniuliza nikianguka nani atajua.

Kwa hiyo chumba nimepata, na mlima uko dirishani, jana wingu lilikaa kwetu tangu asubuhi. Acha kununa. Ukija tena njoo na ng'ombe au usije. Na mwambie mkeo asali.

Nimeamua simchezei tena huyu asubuhi, ana presha. Nikisikia ndala zake uani najibu kabla hajagonga: "Bado! Rudi kesho."

Mama yako