Santuri Niliyoikatisha

Muroran,
Jumapili, 2 Desemba 1979

Dada yangu mpendwa Shizue,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wajukuu wote, na kwamba baridi ya huko Nagoya haijakushika goti kama mwaka jana. Kifua cha shemeji kimepoa? Na ngisi wakavu niliowatumia mwezi wa kumi, waliwafikia salama? Huku theluji imewahi, na moshi wa kiwanda umeshaifanya kijivu. Mke wangu Kazuko anakusalimu sana. Bado yuko soko la samaki. Mikono imempasuka kwa maji ya chumvi, lakini maneno yake hayajapungua hata moja. Miili yetu ni mizima, dada, na hilo ndilo jema pekee nililonalo la kukuandikia.

Kazuko aliniambia kwamba umepiga simu mara tatu, na mara zote akakuambia nimetoka. Akaniambia pia ulivyosema, kwamba mdogo wako sasa ameota pembe. Una haki ya kukasirika. Nitakueleza kila kitu, ila niruhusu nianzie mbali, maana kila nikianzia karibu naichana karatasi. Hii ni ya tano.

Unajua kwamba tangu ujana wangu ugonjwa wangu ni santuri za jazi. Sasa zimefika elfu moja mia moja na arobaini, zimejaa chumba cha nyuma hadi Kazuko anasema siku moja sakafu itatumeza. Na kila Jumapili asubuhi, kabla ya kufungua, tunakutana kwenye mkahawa wa Mama Mitsu karibu na stesheni. Siku nyingine pale mteja hukaa kimya na kahawa yake akasikiliza. Ukinong'ona, Mama Mitsu anakutazama mpaka unainuka mwenyewe. Lakini Jumapili asubuhi ni yetu, na midomo inaruhusiwa. Tuko wanne tu: Mama Mitsu, mwalimu Nishida anayefundisha hesabu, mzee Genzo Kikuchi, na mimi. Tunabishana kama watu wanaogombea shamba: mpiga tarumbeta fulani alikuwa mtamu zaidi kabla ya kung'oka meno au baada, chapa ya kwanza ya santuri fulani inaishinda ya pili au ni kiburi cha wakusanyaji tu. Nishida aliwahi kukaa wiki tatu bila kunisalimu kwa sababu ya mpiga besi mmoja.

Mimi walinipa jina la Sikio. Mama Mitsu alikuwa ananiweka nitazame ukutani, anapiga santuri yoyote, nami kabla ya dakika kuisha nataja mpigaji, mwaka, hata chapa. Watu walikuja kutoka Tomakomai kunijaribu. Kiwandani mimi ni mtu wa kawaida, miaka ishirini na sita kwenye mashine za kubana chuma. Pale mkahawani nilikuwa mtu.

Sasa nikueleze habari za mzee Genzo. Alikuwa dereva wa winchi bandarini, mtu wa maneno machache. Jazi hakuipenda hata kidogo. Mwanawe Noboru ndiye aliyeipenda, alijifunza ngoma, na siku aliposema anakwenda Sapporo kupiga na bendi, mzee alimwambia mbele ya wageni, "Nenda kapige masufuria huko, na usinirudie hapa." Noboru hakurudi. Alipiga Sapporo miaka mitatu, kisha gari la bendi likateleza kwenye barafu. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Baba yake hakuwahi kumsikia akipiga hata mara moja.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, mzee Genzo aliingia kwa Mama Mitsu, akavua kofia, akasema anaomba kufundishwa kusikiliza. Tulidhani atachoka. Alikaa nasi miaka minne. Alinunua zile zile santuri ambazo mwanawe alizipenda, moja moja, akawa anauliza maswali ya mtoto wa darasa la kwanza: hiyo inayolia kama mvua ni nini, yule anayegonga nyuma anamfuata nani. Nishida alikuwa anamtania, "Mzee, ukiendelea hivi utaomba kazi kwenye bendi," naye anacheka huku ameziba mdomo kwa kofia.

Mimi nilimsikia Noboru. Nilikwenda Sapporo mara tatu kwa ajili yake. Alipokuwa akipiga nyimbo za polepole kwa brashi za waya, mkono wa kushoto ulikuwa unachelewa kidogo, kama mtu anayefagia uwanja asubuhi na hana haraka ya kumaliza. Sijawahi kusikia mwingine anayefanya hivyo. Nilimsimulia mzee Genzo jambo hilo mara nyingi, maana kila mara aliomba nirudie.

Mwezi wa nne mwaka huu, mtu mmoja aliyekuwa anasafisha stoo Sapporo alimletea mzee santuri. Bendi ile iliwahi kurekodi, nakala sitini tu, kwa gharama zao. Jalada jeupe, jina la mpiga piano mbele, na nyuma majina ya wapiga ngoma wawili: Iwase na Kikuchi. Haikuandikwa nani kapiga wapi. Mzee aliileta Jumapili ile imefungwa kwenye kitambaa cha zambarau kama zawadi ya harusi. Mama Mitsu alimuuliza kama ameshaisikiliza nyumbani. Akajibu hapana, hakuthubutu. "Sitaki kumlilia mtoto wa mwenzangu," alisema. "Wataru, wewe unaujua mkono wake. Niambie kwanza kama ni yeye, halafu ndiyo nisikilize."

Tukachagua wimbo wa mwisho wa upande wa pili, kwa kuwa ni wa polepole. Mama Mitsu aliifuta santuri, akaweka sindano, akakaa. Mzee Genzo hakuitazama gramafoni, alinitazama mimi. Nilifumba macho. Wimbo ulipofika katikati niliinua mkono, nikasema iondolewe. Dada, katika mkahawa ule hakuna mtu aliyewahi kuondoa sindano katikati ya wimbo. Mama Mitsu alisita, nikarudia kwa ukali. Akaiondoa.

Nikasema, "Si yeye. Huyu ni Iwase. Mkono mkavu, hauna subira."

Nishida alishtuka. "Wee Sikio! Mimi sina utaalamu, lakini huo ufagiaji si ndio ule unaotusimulia kila siku?"

Nikamwambia mwalimu arudi kwenye hesabu zake, mtu ambaye hata kengele ya shule haisikii mpaka wanafunzi wamuamshe. Wote wakacheka kidogo, isipokuwa mzee Genzo. Yeye aliinama mpaka paji likakaribia meza, akanishukuru kwa kumwambia ukweli. Kisha akaifunga santuri kwenye kitambaa chake taratibu, kona kwa kona.

Hakurudi tena. Tulisikia kwamba ameacha kusikiliza, na gramafoni ameipa kanisa la mtaani. Santuri yenyewe, kwa kuwa ni mtu mnyofu, aliona si haki yake kukaa nayo. Alitafuta anwani ya Iwase, akampata Niigata, akamtumia pamoja na barua kwamba hii ni kazi ya mkono wako, ikae kwa mwenyewe. Mwezi wa kumi akapigwa na kiharusi akiwa anakata kuni. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaondoka yote.

Tarehe kumi na nne Novemba mke wake, mama Tome, alikuja kwangu na kifurushi. Hakutaka kuingia ndani. Alisimama mlangoni na theluji mabegani, akanipa barua ya Iwase niisome mwenyewe. Ndani ya kifurushi ilikuwamo ile santuri, ameirudisha. Iwase aliomba radhi kwa kuchelewa kujibu, alikuwa amehama. Alisema jina lake liliandikwa kwa heshima tu, kwani wimbo pekee aliopiga haukuwekwa kwenye santuri. Ngoma zote, pande zote mbili, ni za Noboru. Na akaandika hivi, nimeyashika kwa kichwa: "Mzee wangu, nashangaa mmenipa mimi. Mwisho wa wimbo wa mwisho kuna mtu anacheka kwa sauti na kusema 'tena, tena'. Je, hamkuitambua sauti ya mtoto wenu?"

Ningeiacha sindano dakika mbili zaidi, dada. Dakika mbili tu.

Mama Tome aliniuliza kwa upole kama nilikosea. Nikasema nitakwenda hospitali. Na sasa nakuambia wewe jambo ambalo hata Kazuko nilimwambia usiku ule ule kwa mara ya kwanza.

Sikukosea. Sikusikia. Mashine za chuma zimenila masikio, ni mwaka wa tatu sasa. Sauti za juu zilitangulia kuondoka: ndege, birika, matoazi. Kisha maneno ya watu yakaanza kuwa kama yanatoka chini ya blanketi. Sauti yako kwenye simu ni mvumo tu, ndiyo maana nikamfundisha Kazuko kusema nimetoka, nikimdanganya kwamba tumekosana mimi na wewe. Santuri zangu nazisikiliza kwa kumbukumbu, kiganja kimekaa juu ya spika. Mchezo wa kutazama ukutani nilikuwa nautazama kwenye kioo cha kabati la vikombe, naona jalada analoshika Mama Mitsu. Miaka miwili nimewaibia hivyo. Nilijiambia simdhuru mtu.

Siku ile ya mzee Genzo nilisikia piano kwa mbali, na besi. Ngoma, hakuna. Kimya kabisa. Nilikuwa na maneno matatu ya kweli ya kusema: sijui, siwezi kusikia. Yangenitosha. Lakini watatu wale walikuwa wananitazama, na mimi sikuwa na kitu kingine duniani cha kutazamwa nacho. Nikachagua kumnyima mtu mwanawe kuliko kulipoteza lile jina la Sikio. Na nikaongeza "mkono mkavu" ili nionekane mjuzi. Usitafute neno la kunitetea, nakujua, hakuna.

Jumapili iliyofuata niliwaambia mkahawani. Mama Mitsu alikwenda jikoni, hakutoka. Nishida akasema polepole ili nimsome mdomo, "Kwa hiyo miaka miwili nimekuwa nikibishana na ukuta?" Nikasema ndiyo. Akauliza kama na yule mpiga besi pia. Nikasema yule nilimsikia kweli. Akaanza kucheka, akashindwa, akafuta miwani yake. Hata hivyo yeye ndiye aliyebeba gramafoni ndogo ya mfuniko mpaka hospitali, mimi nikimfuata nyuma na santuri.

Nilipiga magoti kando ya kitanda cha mzee Genzo, mbele ya mkewe. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia. Jicho lake la kushoto halikuniacha. Nilipomaliza aliinua ule mkono mmoja alio nao, nikadhani ananipa. Alikuwa ananionyesha mlango.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini. Nilimwona Nishida kupitia uwazi wa mlango akiweka sindano, kisha mlango ukafungwa. Sikusikia chochote. Baadaye mama Tome alitoka, akakaa mbali kidogo nami, akanieleza huku akinigeukia ili nione mdomo wake. Alisema wimbo wa kwanza mzee alitulia tu. Wa pili mkono wa kushoto ukaanza kutembea juu ya blanketi, ukifagia. Na kicheko kilipokuja mwishoni, alifungua kinywa akatoa sauti, ya kwanza tangu augue, isiyo na neno ndani yake, hadi wauguzi wakaja mbio. Walipotaka kufunga gramafoni aliwashika nguo. Wameirudia mara nne. Mama Tome alisema, "Ananiuliza kwa macho kwa nini hakuwa naye tangu masika. Sijui nimjibu nini, bwana Wataru. Wewe ungemjibu nini?"

Nimeomba kuingia tena mara mbili. Akisikia jina langu anafumba macho. Kila siku nikitoka kazini nakwenda nakaa kwenye benchi lile hadi saa za kutazama wagonjwa ziishe, kisha narudi nyumbani. Jana kiharusi kimempiga mara ya pili. Daktari amewaambia familia wasitegemee kumaliza naye mwaka. Hata santuri hawampigii tena. Hajui kama inalia.

Usije, dada, goti lako halitaiweza safari, na sistahili. Usiniambie pia kwamba yatapita. Ninachokuomba ni hiki: kama bado unakwenda hekaluni asubuhi, mtaje kwa jina, Genzo Kikuchi, aamke japo siku moja. Simwombei anisamehe. Aamke anitukane, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote. Nitakaa karibu nimtazame midomo, nisikose hata neno.

Msalimie shemeji, na wabusu wajukuu kwa niaba ya babu yao wa kaskazini. Ukinijibu, andika, usipige. Kazuko anasema anaweka pembeni mayai ya samoni kwa ajili yenu ya mwaka mpya.

Ni mimi mdogo wako,
Wataru