Jogoo Niliyemchinja Mwenyewe

Mjukuu wangu Wegesa,

Usicheke. Nimemaliza shule juzi tu, lakini nimepewa jina la mama yake baba yako, kwa hiyo mimi ni bibi yako. Hapa Butiama hatujambo. Ng'ombe mwekundu amezaa, ila sabuni bado haijaonekana dukani.

Umeuliza kama niliogopa nilipochinja kuku mara ya kwanza. Niliogopa sana. Mama alikwenda kupanga foleni ya sukari Nyamuswa, akaniagiza fundi Saidi akija kutengeneza cherehani nimchinjie jogoo. Nilikuwa nimemlea jogoo yule tangu kifaranga. Nilimkanyaga mabawa, nikafumba macho, nikakata.

Nyama ilipoiva ndipo nikakumbuka kwamba fundi ni Mwislamu. Kwetu mgeni wa namna hiyo hupewa kisu achinje mwenyewe, la sivyo hali. Yeye alikuwa ndani na cherehani, hakuona kitu. Ningeweza kunyamaza. Nilibeba bakuli, nikasimama mlangoni.

"Mbona umesimama, binti?"

"Nimechinja mimi, baba. Usile."

Aliweka bisibisi chini. Nikadhani atafunga mkoba aondoke, na mama atajua nimemwaibisha.

"Basi nichemshie yai," akasema. "Yai halichinjwagi."

Kisu kiliniogopesha, mjukuu wangu, lakini pale mlangoni niliogopa zaidi. Siku hizi fundi akifika, kabla hata hajaketi, ananyoosha mkono apewe kisu.

Bibi yako mdogo,
Nyabise