Viti vya Nyuma vya Gari la Baraka

Jumanne, 4 Juni
Nimepiga pasi shati la Baraka mara mbili. Halikuwa na mkunjo. Napenda tu kulishika. Siku kumi za ndoa!

Jioni trafiki ametusimamisha Segerea. Kosa la kwanza, ekzosi. Baraka aliweka ya mashindano ya Jumapili, inanguruma mtaa mzima. La pili, viti vya nyuma. Alivitoa ili gari liwe jepesi. Afande akachungulia: "Kadi inasema watu watano. Watatu unawaning'iniza?" Nilicheka. Baraka hakucheka. Ijumaa gari likaguliwe. Likifeli, marufuku barabarani.

Na Jumamosi Mama anakuja kutoka Songea! Baraka amemwahidi kumpokea stendi mwenyewe, kwa gari lake. Mama hajamwamini bado. Aliwahi kusikia ule mngurumo kwenye simu: "Mwanangu, umeolewa na mwenye gari au mwenye mashine ya kusaga?"

Naogopa.

Jumatano, 5 Juni
Viti vya zamani alishaviuza. Nikapata wazo! Fundi wa Keko aliyetutengenezea kitanda. Amechukua vipimo, kesho kiti tayari. Nina akili, jamani. Baraka alinibusu pale pale barazani kwa fundi.

Vijana wa fundi wakapaza sauti: "Shemeji, punguzeni, sie tumeshika misumeno!"

Alhamisi, 6 Juni
Kiti kizuri mno. Velveti nyekundu, vifungo mgongoni. Kimeingia sawasawa.

Baraka amerudisha ekzosi ya kawaida mwenyewe. Saa nne nzima chini ya gari. Ile ya mashindano ameifuta, ameiviringisha kwenye kanga yangu. Nimemwonea huruma. Nampenda mpaka naumwa.

Ijumaa, 7 Juni
Tumefeli asubuhi.

Ekzosi imepita. Kiti changu mkaguzi alikisukuma kwa mkono mmoja, kikatembea. "Dada, hili kochi. Mkifunga breki, mgeni anawafuata mbele na kochi lake." Hakikukazwa kwenye bodi. Hakina mikanda. Akawaita wenzake waje kuona. Aibu yangu! Ila alitupa mpaka saa tisa.

Mbio Tabata, kwa wauza vipuri vilivyotumika. Duka la kwanza hakuna. La pili, la tatu, hakuna. La nne, viti vyenyewe, vya gari kama letu, na mikanda yake! Fundi wa pale dukani akavikaza kwa bolti huku Baraka akitazama saa kila dakika. Tumefika saa tisa kasoro dakika tano.

Limepita! Nimepiga vigelegele peke yangu, uani kwa polisi.

Jumamosi, 8 Juni
Mama amefika. Baraka alimwamkia, akabeba mizigo, akamfunga mkanda mwenyewe. "Ahsante, baba."

Gari halikutoa sauti. Hatujafika Ubungo, Mama ameshasinzia.

Nyumbani Baraka hakuzima injini. Alimtazama Mama kwenye kioo, akanitazama mie. Akazunguka mtaa tena, taratibu, asimwamshe. Kisha tena.