Kikombe Kinachorudi Nyumbani Kila Jioni

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimekwama. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nafanya kazi za mkataba, leo hospitali hii, kesho ile, nashika nafasi ya aliyejifungua au aliyekwenda kusoma. Maabara yangu ya kwanza tulikuwa wachache, vikombe vyetu vinaning'inia kwenye misumari chumba cha chai, changu cha mwisho karibu na dirisha, na mkuu wetu, mzee mcheshi, akituchemshia chai mwenyewe huku akiimba vibaya, hata nikasahau kabisa kuwa nina mkataba. Ulipoisha nikarudi kuchukua vyeti vyangu, nikakuta msumari wangu una kikombe cha mtu mwingine, changu mlinzi kakiviringishia gazeti, akanipa getini. Nililia njia nzima. Tangu hapo kikombe naja nacho na kuondoka nacho. Sasa hapa nilipo nimepapenda, wanacheka kama wale wa zamani, na nafasi ya kudumu imetangazwa, lakini juzi nikamsikia mkuu wangu akimwambia mwenzake, "Yule dada ningemchukua hata leo, ila hataki kukaa. Hujamwona? Kila jioni anabeba kikombe chake kama mtu aliyeshaaga." Nami siku zote nilidhani wao ndio hawanitaki. Maombi yanafungwa Ijumaa. Niombe nafasi hiyo nivunjike moyo tena, au niende zangu kama nilivyozoea?

Mwenye Kikombe

Marahaba, mwanangu. Pole kwa ule msumari, hata mimi umeniuma. Lakini acha nikugombeze kidogo. Wewe unangoja mkuu akwambie baki, mkuu anangoja uonyeshe unataka kubaki, na wote wawili mnakunywa chai chumba kimoja mmenyamaza. Yeye ana kosa lake, angekuuliza. Wakubwa wengi wakiona mtu wa mkataba wanadhani ana mguu nje, wasijue ni wao waliomzoesha kukaa mlangoni. Ila mwenye shida ni wewe, basi wewe ndiye utakayefungua mdomo. Kesho asubuhi, kabla sampuli hazijaanza kuingia, mwendee umwambie, "Mkuu, nataka kubaki hapa." Kisha peleka maombi. Wanaweza kumchukua mwingine, sikudanganyi, na itauma. Lakini yule mzee hakukuchemshia chai kwa ajili ya mkataba, na chai ile ulishainywa, hakuna wa kukunyang'anya. Kwa hiyo jioni kioshe kikombe chako, kiweke kabatini pamoja na vya wenzako, uende nyumbani mikono mitupu.